Nyavu za Dagaa Mlimani Igogo

Tulimzika Mama Kulwa kwa binti yake, Misungwi, na mvua haikunyesha. Nalisema hilo mapema kwa sababu yeye mwenyewe angeuliza. Miaka yote hii nilipompigia simu kutoka Nansio, kisiwani kwetu, hata kabla hatujamaliza kusalimiana, swali lake lilikuwa moja: "Huko Igogo, mvua ikinyesha, bado wanamwaga?" Nami nilimpa jibu lile lile, kwamba sijui, mama, sijapita huko siku nyingi. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijapita kabisa tangu niondoke. Nilizoea kushuka bandarini, nikafanya shughuli zangu za mjini, nikarudi kisiwani bila kuinua macho kuutazama ule mlima, na mlima wenyewe si kitu cha kujificha: mawe makubwa kuliko nyumba, na nyumba zimebanana katikati ya mawe hadi huelewi mwenye nyumba ya juu anapitia wapi. Msibani tulipakuliwa wali kwenye sahani nyeupe za kutupa, na tulipomaliza kula uwanja ulikuwa umejaa sahani na chupa tupu za maji, zimetapakaa hadi kwenye shamba la mihogo. Niliinama nikaanza kuziokota. Kulwa, binti wa marehemu, ambaye sasa ana mvi kunizidi, alinishika mkono akasema, "Acha, dada, usijichoshe. Upepo utazipeleka." Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Mama yake alikuwa hajamaliza hata siku moja kaburini, na huku mtoto wake mwenyewe ananiambia upepo utazipeleka. Nikaendelea kuokota, na moyoni nikaamua kwamba kabla ya kupanda meli ya kurudi nyumbani nitapanda kwanza Igogo, nikalitafutie jibu swali la mama yule, ingawa sikujua jibu lenyewe nitampelekea nani.

Mwaka nilioishi mlimani pale nilikuwa na umri wa msichana anayedhani mji unamsubiri yeye. Haukuwa unanisubiri. Nilipata kazi kwenye kiwanda cha samaki chini ya mlima, kukata minofu ya sangara, na nikapanga chumba kilichojengwa kwa kuegemezwa kwenye jiwe, kiasi kwamba ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa ni jiwe lenyewe. Jua likiwaka jiwe lilihifadhi joto lake mpaka asubuhi, na mvua ikinyesha lilitoka jasho, nikaamka na shuka limelowa. Mlango ulifunguka kwenye mfereji. Si mfereji wa kuchimbwa na mtu, ni njia ambayo maji ya mvua yalikuwa yamejichongea yenyewe tangu kileleni hadi barabarani, na kutoka barabarani hadi ziwani, nami nilikuwa na kipande cha ubao cha kuvukia. Kiwandani tulivaa kofia, barakoa na mabuti, na maongezi yalikatazwa. Dada mmoja alikata samaki ubavuni kwangu miezi mingi, na siku nilipokutana naye sokoni bila barakoa tulipishana kama watu baki. Nilikuja kumtambua kwa mwendo wake, ameshafika mbali, nikaona haya kumwita.

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti sana. Nyumba za mlimani zimepangana moja juu ya nyingine, kwa hiyo maongezi ya watu wa juu yalipita juu ya bati langu na ya watu wa chini yalipanda kupitia mlangoni. Nilijua nani kagombana na mumewe kwa sababu ya nini, nani anajipendekeza kwa mama mkwe, nani anaungama dhambi zake kwa sauti kila asubuhi akidhani Mungu pekee ndiye anayemsikia. Nilikuwa na siri za watu wasiojua jina langu. Nikipita na harufu yangu ya kiwandani walisema tu, "Samaki anapita," wakacheka, wala si kwa ubaya, halafu wakaendelea na yao. Watu hudhani upweke ni kukosa sauti za watu. Mimi nilikuwa nazo jioni hadi asubuhi, ila hakuna hata moja iliyokuwa inaniambia mimi kitu. Nililia mara nyingi mwaka ule, nikitazama lile jiwe langu.

Aliyenikaribisha kukaa alikuwa mmoja tu. Chini kidogo ya chumba changu, pale mfereji unapokata kona, Mama Kulwa alikuwa na chumba chake na mbele yake jiko la udongo lenye paa la bati, sufuria kubwa ya mafuta na benchi. Alikuwa mjane, na alikaanga mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwanda kikishachukua minofu. Siku ya kwanza nilisimama pale nikijifanya nahesabu chenji yangu, kumbe nataka tu kusimama karibu na mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Nitakula nikitembea, mama."

"Mapanki hayaliwi kwa kutembea, mwiba utakukwama ufie njiani, waseme nimekuua mimi. Kaa. Unaitwa nani?"

Nilimwambia naitwa Nyabwire, natokea Nansio, nakata samaki pale chini. Akacheka hadi akaweka chini mwiko wake. "Kumbe ni wewe! Wewe unakata nyama wanakula Ulaya, mimi naletewa mifupa. Leo tumekutana, samaki amekuwa mzima." Tangu siku hiyo nikitoka kazini sikupitiliza tena chumbani. Nilikaa kwenye benchi lile, nikamenya vitunguu, nikala ugali na mapanki, na siku za mvua ndogo alichemsha michembe, vile viazi vikavu vya Kisukuma, tukanywa nayo chai. Aliniita Nyabwire mbele za watu wote, wateja wakasikia, na bado wakaendelea kuniita samaki. Sikujali. Jina langu lilikuwa na mahali pa kukaa.

Sasa nieleze habari ya mvua, maana asiyewahi kuishi kwenye mteremko ule atadhani natia chumvi. Mahali pengine mawingu yakifunga watu hukimbilia kuanua nguo. Igogo ya wakati ule, tone la kwanza likigonga bati, kilele chote kililipuka kwa kelele: "Mvua! Mvua hiyo!" Na kila mlango ukatoa mtu, na kila mtu ametoka na beseni, ndoo, au mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Majivu, maganda ya ndizi, magunzi, matambara, magamba ya samaki, na mengine nisiyopenda kuyataja mtu akiwa anakula, yote yalikuwa yamewekwa ndani siku kadhaa yakingoja siku hiyo. Waliyamwaga kwenye mfereji, maji yakayabeba, nao wakarudi ndani na roho zao nyeupe, wamefanya usafi. Ndivyo walivyofundishwa na mama zao. Hakuna aliyejiona mchafu. Mchafu kwao alikuwa yule anayetupa wakati wa jua. Nami nilisimama mlangoni nikiuona ubao wangu unaelea, na mali za majirani zangu wote zinapita mbele yangu kuelekea konani kwa Mama Kulwa. Kule konani maji yalipunguza mwendo, mifuko ikanasa kwenye kalavati ya barabarani, na yale yasiyopata pa kupita yakaingia jikoni kwake. Alikuwa ameshazoea kunyanyua sufuria juu ya benchi na kusimama katikati ya maji machafu, amefunga kanga kifuani, akingoja yashuke. Masika ya mwaka ule watoto wa nyumba za bondeni waliharisha vibaya, bwana afya akaja kumwaga dawa kwenye mitungi, na watu wa juu wakawasikitikia sana watoto wale.

Siku moja nimekaa nyuma ya jiko nikiparua samaki, Kulwa alikuja kutoka Misungwi kumtazama mama yake. Hakujua kama nipo, na mimi sikujitokeza.

"Mama, hii si nyumba, ni bomba la maji taka. Njoo Misungwi, chumba kipo."

"Na mapanki yangu?"

"Mapanki! Nakuambia hivi, maji yakiingia ndani tena nakuja na gari, nakupakia na vyombo vyako. Sitaki maneno."

Mama Kulwa akasema, "Yakiingia tena, haya, nitakuja." Sikuwaza nyumba yake wala biashara yake, na sioni sababu ya kujifanya niliwaza, niliwaza benchi. Nilijiona nikitoka kazini, napita konani, hakuna moshi, napanda moja kwa moja kwenda kukaa na jiwe langu. Kuanzia hapo kila wingu lililojikusanya upande wa ziwa nililitazama kama mtu anayedaiwa.

Tulianza kwa kuongea nao. Mama Kulwa alipanda kwa Mama Sofi, jirani wa juu kabisa, mwanamke mwenye sauti na mwenye watu, nami nikamfuata nyuma. Mama Sofi alitukaribisha vizuri, akatuletea chai, akasikiliza yote, halafu akauliza, "Sasa mwenzangu, takataka nizifanye nini, nizipike? Gari la taka huku halipandi. Na sisi hatutupi kwako, Mama Kulwa. Tunatupa kwenye maji." Aliyasema bila hasira hata kidogo. Balozi wetu wa nyumba kumi akaitisha mkutano, watu wakaja, wakaitikia kila kitu, wakapiga makofi, na mvua iliyofuata wakamwaga kama kawaida. Nikajua kwamba kwao mfereji hauna mwisho. Kinachopita mlangoni kwako kimekwisha.

Wazo la nyavu lilitoka kwa Mama Kulwa, na mimi ndiye niliyelipokea kwa mikono miwili. "Ninyi wa kisiwani si watu wa nyavu?" aliniambia. "Kwa nini tusiwavue hawa?" Mwisho wa mwezi nilipanda meli kwenda Nansio kutafuta. Pale mwaloni, zinakofikia mashua za uvuvi, wavuvi walinichekea nilipowaeleza, kisha mmoja akaacha kucheka, akanionyesha mashua yake. Ndani, pamoja na samaki, kulikuwa na rundo la mifuko ya nailoni waliyoivuta ziwani asubuhi ile. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa kwenye mchanga alikuwa anachambua vipande vya mifuko kutoka kwenye dagaa wake, kimoja kimoja, huku akitukana watu asiowajua. Nilisimama pale nikasikia aibu, maana mimi niliwajua. Nilijua hata rangi ya mabeseni yao. Nikapewa bure nyavu kuukuu za dagaa, zenye matundu madogo, nikazichagua kwa makusudi hizo. Zile za sangara zilikuwepo, zina matundu makubwa, ila nilisema zitaachia vitu vipite.

Tulizifunga juu kidogo ya kona, kutoka jiwe hadi jiwe, tukazikaza kwa kamba. Watu walisimama kutazama. Mama Sofi aliita kutoka juu, "Dada Nyavu, utatuletea sato?" na mlima mzima ukavunjika mbavu, na hilo likawa jina langu. Mtu yeyote wa ziwani angefanya kosa lile tulilolifanya. Ziwani unatupa nyavu za dagaa, unazivuta, maji yanachuja yenyewe, samaki wanabaki. Tangu utotoni hujawahi kuona maji yakizishinda nyavu. Lakini ziwani maji hayaji mbio kutoka mlimani. Mvua kubwa ilikuja mchana wa Jumamosi, kelele zikapigwa, mabeseni yakamwagwa, na mifuko ya kwanza ilipofika ilijibandika kwenye yale matundu madogo, ya pili ikajibandika juu ya ile ya kwanza, na kabla hatujaelewa tulikuwa tumejenga ukuta. Maji yalipanda nyuma yake. Nilimwona Mama Kulwa akikimbilia kamba, kisu mkononi, nami nikakimbilia upande wa pili, lakini mawe yalikuwa yanateleza. Jiwe moja liliachia, na ukuta ule wote, maji na taka na nyavu, ukashuka kwa pamoja kwenye jiko. Udongo haukustahimili. Ile sufuria kubwa niliiona ikiondoka kichwa chini, ikapita barabarani, ikaenda zake ziwani.

Mama Kulwa mwenyewe alikuwa mzima. Alikaa kwenye benchi, lililobakia limesimama sijui kwa nini, amelowa matope hadi nyweleni, akanitazama, akaanza kucheka. "Nyabwire, tumewavua!" Nilicheka pia, halafu nikalia, naye akanifuta uso kwa kanga yenye matope. Lililoniuma ni maneno ya siku zilizofuata. Mlima mzima ulisema jiko limebomolewa na nyavu. Hakuna aliyesema limebomolewa na kilichokuwa ndani ya nyavu. Hasira ile sijaimaliza hadi leo, na mtu asiniambie niisamehe.

Kulwa alikuja na gari kama alivyoahidi. Mama Kulwa hakuwa na vyombo vingi vya kupakia. Alikaa mbele, pochi mapajani, akanishika mkono kupitia dirishani. "Hizo nyavu usizichome, ng'wanawane," alisema, na kwa Kisukuma ndiyo kusema mwanangu. "Zitundike watu wazione." Gari likaondoka. Nilikaa kwenye benchi hadi njaa ikanikumbusha kwamba hakuna atakayenipakulia.

Nilizitundika. Mfereji niliuacha wazi, nikasimamisha nguzo pale jiko lilipokuwa, nikazining'iniza kama kapu kubwa, na kila nikitoka kazini niliokota kilichokuwa mbele yangu mferejini nikatumbukiza humo. Taka zangu mwenyewe nikaweka humo humo. Majivu na maganda nikayatenga pembeni, mama mmoja wa bondeni akaja kuyachukua kwa ajili ya migomba yake. Vilivyobaki nikavitia kwenye viroba, na kijana wa mkokoteni akavipeleka barabarani linakofika gari la taka. Nyavu hazifichi kitu. Mtu akishuka kwenda sokoni aliona matambara yake, pakiti ya majani yake ya chai, viatu vya mwanawe, vimening'inia hadharani mahali alipokuwa akila mapanki. Walipita upesi, wakitazama upande mwingine. Na siku moja ya jua kali Mama Sofi alishuka na kiroba chake kichwani, akakiweka chini ya nyavu, hakunisalimia, akapanda kurudi. Kesho yake wakaja wawili. Kabla mwaka haujaisha vilikuja viroba kutoka karibu kila nyumba, na mvua ikinyesha mfereji ulipitisha maji yenye vitu vichache tu.

Ningependa kusema nilifurahi. Lakini niliyekuwa namtaka abaki alikuwa ameshaondoka, na waliokuja hawakukaa. Mlima mzima ulifika kwenye nyavu zangu mwaka ule, ukaacha uchafu wake, ukaondoka bila kuniuliza jina. Mkataba wa kiwandani ulipoisha nilifungasha, nikashuka bandarini mchana, na hakuna aliyejua kwamba nimehama. Benchi nililiacha.

Basi nilipanda siku ile baada ya mazishi, taratibu, magoti haya si ya zamani. Mfereji siku hizi umejengewa saruji. Nilifika konani nikasimama. Nguzo zimekuwa za chuma, na badala ya nyavu ipo seng'enge, imezungushwa vizuri, viroba vimepangwa ndani. Pembeni mwanamke wa makamo anakaanga mihogo chini ya bati, na benchi ni jingine. Wingu lilikuwa limeshafunga. Tone la kwanza lilipogonga bati nilisikia kelele kutoka kileleni, "Mvua! Mvua hiyo!" na mwili wangu ukaruka wenyewe kando ya mfereji. Milango ilifunguka, watu wakatoka. Wakashuka na viroba wakikimbia, wakiviwahisha ndani ya seng'enge visilowe. Juu kabisa mtu mmoja alitoa beseni, akalimwaga kwenye mfereji chap chap akidhani haonekani, na sauti zikamwangukia kutoka kila upande:

"We! We nani huyo! Hujui kwa Dada Nyavu?"

"Mchafu wewe! Peleka kwa Dada Nyavu!"

Maganda yakapita mbele yangu, na chupa moja nyuma yake. Nilimwuliza yule mwanamke wa mihogo, "Samahani, huyo Dada Nyavu ndiye nani?"

"Shikamoo, mama. Dada Nyavu si mtu," alisema akigeuza mihogo yake. "Ni hapo uliposimama. Njoo ukae, unalowa."

Nikakaa. Akapakua mihogo kwenye sahani, akaiweka kwenye benchi, naye akakaa upande wa pili. Nilitazama maji yakikata kona na kwenda zake, jiko la watu limebaki kavu, na jibu likanitoka mdomoni kabla sijalizuia: "Wapo wanaomwaga, mama. Lakini siku hizi wanazomewa."

"Unasema na mimi?"

"Hapana, mwanangu. Nasema na mwenye jiko hili."

Alitazama nyuma yake, akatazama barabarani, hakuona mtu. Kisha akachukua sahani ya mihogo iliyokuwa kati yetu kwenye benchi, akaiweka mapajani mwake, akaiacha nafasi ile wazi.